Vidaraja Viwili Kijitoni

Pale Morowau, chini ya milima ya Pakaraima, kila mtu alijulikana kwa jambo lake. Kulikuwa na bingwa wa kutia ng'ombe kamba, kulikuwa na fundi wa kuezeka makuti, na kulikuwa na mtu aliyeweza kunywa kasiri, pombe ya mihogo, siku tatu mfululizo na ya nne akaenda shamba. Evaristo Andries alijulikana kwa kujibu maswali. Mgeni yeyote aliyeshuka garini na daftari mkononi alipelekwa kwake, na watoto walimwonyesha njia kabla hajauliza.

Hakuitafuta kazi hiyo. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alivuka mto wa mpaka akaenda kuchunga ng'ombe upande wa Brazili, na baada ya miaka minne akarudi na kovu pajani, kofia ya ngozi na Kireno. Kiingereza alikuwa nacho tangu shule ya misheni. Kimakushi alizaliwa nacho. Basi alipokuja mzee mmoja kutoka ng'ambo kukusanya majina ya samaki, nani mwingine angemtafsiria? Baada ya yule akaja wa pili, aliyetaka kujua nani ni binamu wa nani, kisha wa tatu. Evaristo alikaa nao wote akajibu. Alikuwa mtu mpole, na hakupenda kumwona mgeni ameinua kalamu halafu hana cha kuandika. Asipolijua jibu, alilitafuta lililolikaribia.

"Ipo siku utajibu hata usichoulizwa," mkewe Leandra alimwambia.

Alipomwoa Leandra alihamia kwao kama ilivyo ada, akajenga hatua thelathini kutoka kwa mama mkwe wake, akawa anamfyekea shamba la mihogo kila kiangazi. Mama mkwe aliitwa Tomasina, lakini kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi. Mkwe na Koko hawakusemezana ana kwa ana. Koko akitaka kuni alimwambia Leandra, na Leandra alimwambia mumewe, hata kama wote watatu walikuwa wamekaa kwenye jiko moja. Miaka kumi na mbili mambo yalikwenda hivyo, na hakuna aliyeona shida.

Walipata binti, Zenaida. Baadaye Leandra aliharibikiwa mimba mbili, na baada ya hapo kukawa kimya cha miaka sita. Watu waliacha kuuliza.

Heloísa alikuja katika kimya hicho. Alikuwa mwanamke wa Belém, mwembamba, mwenye miwani, na alikuja kila kiangazi kwa miaka mitatu. Kijijini walimwita daktari kwa sababu ndivyo alivyoandikwa kwenye barua yake ya ruhusa. Koko hakukubali. "Daktari gani huyu, hana hata kidonge cha kichwa?"

Alikuwa akiandika kitabu cha kuwatambulisha watu wa misitu yote, kuanzia Orinoko hadi mdomo wa Amazoni, kwa wanafunzi ambao hawajawahi kukanyaga huko. Alikuwa na karatasi kubwa aliyoikunja mara nane. Upande mmoja yalipangwa majina ya makabila arobaini na moja. Juu yalipangwa mambo: wanalimaje, wanaozanaje, wanamzikaje mtu, baba hufanya nini mtoto akizaliwa. Penye desturi aliweka alama. Evaristo aliipenda sana ile karatasi. Hakuwahi kujua kwamba kuna watu wengi kiasi hicho wanaokula mihogo kama yeye.

Siku moja, Leandra akiwa na mimba ya miezi mitano, Evaristo alikiweka kidole chake kwenye safu ya mwisho.

"Na hawa wasio na alama?"

"Hao hawana desturi hiyo," Heloísa alisema. "Mke akijifungua leo, kesho mume yuko mtoni anavua."

"Anashika kisu?"

"Anashika kisu, anakula nguruwe mwitu, anakwenda safari."

"Na watoto wao?"

Heloísa alikuwa akichonga penseli. Alijibu bila kuinua macho. "Wanakua, kaka Evaristo. Kama watoto wengine."

Hayo tu. Yeye akaendelea na swali lingine, la namna ya kugawana nyama. Lakini maneno yale yalimwingia Evaristo kama mwiba wa mtende, ule unaokatikia ndani ya nyama na ngozi ikafunga juu yake.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mwisho wa kiangazi. Evaristo aliingia kwenye wavu wake wa kulalia uliotundikwa nguzoni, alale humo mwezi mzima kama baba yeyote wa pale. Hakushika chuma. Hakula nyama ya mnyama mwenye damu nyingi. Mwili ukimwasha hakujikuna kwa kucha, alitumia kijiti. Kivuli cha mtoto mchanga bado hakijashikamana na mwili wake; kinamfuata baba, na baba akijikwaa, mtoto ndiye anayeumia. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelisema kwa sauti.

"Shemeji," Clemente, kaka yake Leandra, alimwambia kutoka mlangoni, "mtoto ameshaanza kunenepa. Na wewe naona unamfuatia."

"Nenda kalime."

"Nimeshalima. Nimelima na lako. Dada yangu kajifungua mara moja, wewe mwaka huu utajifungua mara tatu?"

Leandra alicheka mpaka akashika tumbo. Zilikuwa siku nzuri zile. Kitovu kilikauka na kuanguka siku ya tisa, nazo zilibaki siku kumi na tisa tu ili mwezi ukamilike.

Siku ya kumi na tatu, Jumamosi, Heloísa alikuja akachuchumaa karibu na wavu. Gari la misheni lingemfuata Jumatano, na siku chache baada ya hapo mvua zingefunga njia. Alikuwa bado hajaonana na Brígido, mjomba wake Evaristo, mzee aliyeishi peke yake kule msituni na aliyekumbuka namna watu walivyozikwa zamani. Mzee huyo alikuwa na kikohozi kibaya, na hakuwa tayari kuzungumza na mtu asiye wake.

"Najua huruhusiwi kutembea," alisema. "Nimeandika mwenyewe kwamba huruhusiwi. Ukikataa sitakasirika."

Leandra alikuwa akikamua mihogo kwenye kikamulio cha ukindu. Alimtazama mumewe na kutikisa kichwa kidogo. Kutoka jikoni kwake Koko alipaza sauti, ikipitia kwa Leandra kama kawaida: "Mwambie mumeo mjomba akifa atazikwa, hata bila daftari."

Evaristo alijua kwamba jibu ni hapana. Lakini alimwona yule mwanamke amechuchumaa, kalamu ameibana sikioni, na ule mwiba ukafurukuta. Wako watu wanaotembea. Watoto wao wanakua.

"Kuna namna ya kutembea," alisema. "Wazee walitembea ilipobidi. Nitamtengenezea mtoto njia."

Waliondoka Jumapili alfajiri. Mbugani hapakuwa na la kufanya, njia ni moja. Alasiri walikuwa ndani ya msitu, wakafika kwenye kijito chembamba kilicholazwa gogo. Evaristo alisimama. Akavunja vijiti viwili kwa mkono, akavifunga kwa gamba la mti, akavilaza juu ya maji kandokando ya gogo. Ni kidaraja cha kivuli cha mtoto, kwa sababu miguu yake ni mifupi, na gogo la watu wazima hawezi kulipanda. Alivuka taratibu, akasema chini kwa chini, "Njoo, baba. Pita hapa."

Alipogeuka, Heloísa alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Niliambiwa jambo hili na watu wa mito mitatu," alisema, "na wote waliniambia liliachwa zamani. Sikuwahi kuliona." Kisha, kwa haya, akagusa kamera iliyomning'inia kifuani. "Nilichelewa kuitoa. Ungeweza kukifanya tena? Polepole kidogo?"

Mtu mwingine angesema hapana. Evaristo alirudi ng'ambo ile, akavunja vijiti vingine, akavifunga mbele ya kamera fundo kwa fundo, akavilaza upande wa pili wa gogo, hatua mbili kutoka kwa vile vya kwanza. Alisema hata yale maneno. Na alipokuwa akiyasema alijisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa, sauti ya mtu anayesema ili asikiwe, kama watoto wa shule siku ya mgeni rasmi.

Uso ulimwaka. Wakaendelea. Walipofika kwenye njia panda ya kwanza alitakiwa kuziba kwa jani ile njia wasiyoifuata, ili mtoto asipotelee huko. Alisikia hatua za Heloísa nyuma yake zikipunguza mwendo na kamera ikifunguliwa. Hakuinama. Akapita. Na kwenye ya pili, ile inayokwenda kwenye mahame, mahali watu walipokufa kwa ndui na pakaachwa, akapita vilevile, haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake.

Jumatatu jioni waliporudi, mtoto alikuwa hanyonyi.

"Tangu asubuhi," Leandra alisema. "Analishika titi, analiacha. Amelia mpaka sauti imekwisha."

Jumanne alikuwa moto kama jiwe la jikoni. Mhudumu wa afya, kijana aitwaye Winslow, alikuja na kipimajoto chake, akakitazama, akakifuta, akapima tena. Alisema hana dawa ya mtoto wa umri ule, na gari likija lisikae hata dakika kumi. Mtoto apelekwe hospitali ya wilaya.

Koko alikuja akasimama mbele ya wavu wa mkwe wake. Hakumwita Leandra. Alimtazama Evaristo usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema naye.

"Umepita wapi?"

"Njia ya kwa mjomba, mama."

"Umeziba njia?"

Heloísa alikuwa amesimama mlangoni. Clemente alikuwepo, na Winslow, na wanawake wawili wa jirani. Evaristo alitazama miguu yake.

"Nimeziba."

"Zote?"

"Zote, mama."

Heloísa aliinua uso. Akamtazama Evaristo.

Koko alijaza kibuyu uji wa muhogo, akaupulizia maneno yake ya kunuiza, yale aliyofundishwa na bibi yake na ambayo hakuna karatasi iliyoyapata. Alipaka uji ule kwenye midomo ya mtoto. Alifanya hivyo mara tatu mchana ule. Maneno yale ni kama kumwita mtu: lazima ujue yuko wapi ndipo upaze sauti upande huo. Yeye alikuwa akiita nyumbani, kwa sababu aliambiwa kila njia imezibwa. Jioni aliweka kibuyu chini na kumwambia Leandra, "Nimeita, hapana mtu."

Evaristo aliyasikia. Alijua vizuri anachopaswa kusema. Lakini kusema ni kusema mbele ya wote kwamba alimtengenezea mwanawe njia kwa ajili ya picha, halafu akaona aibu ya picha zaidi kuliko alivyomwonea mtoto huruma. Alisema moyoni kwamba ni homa tu. Kisha akajiuliza, kama ni homa tu, mbona anaogopa kusema.

Gari lilifika Jumatano saa nne. Dereva hakuzima hata injini. Leandra alipanda na mtoto kifuani, Heloísa akampangia mizigo.

"Shuka," Koko alisema.

"Mama, mtoto anakufa."

"Ndiyo. Unaubeba mwili unakwenda nao huko kwa gari, na kivuli chake hatujui kiko wapi. Utafika na gunia tupu."

"Bibi, tafadhali," Winslow alisema. "Hospitali kuna maji ya mshipani. Hapa hakuna."

"Sijasema hakuna maji huko. Nimesema shuka kwanza, nijue."

Leandra aliweka mguu mmoja chini. Mwingine ulibaki garini. Alikuwa akimtazama mama yake, kisha Winslow, na uso wake ulikuwa wa mtu anayevutwa mikono yote miwili. Hapo Evaristo alitoka kwenye kivuli cha paa.

"Sikuziba," alisema.

Injini ilikuwa ikinguruma. Clemente alisema, "Umesemaje?"

"Sikuziba njia. Hata moja. Na pale kijitoni nilifanya vidaraja viwili. Cha kwanza cha mtoto. Cha pili cha picha."

"Niliomba mimi," Heloísa alisema kwa haraka. "Kosa ni langu, yeye alini..."

"Wewe si baba yake," Koko alisema, bila ukali wowote, na hakumtazama tena. Alimgeukia mkwe wake. "Viwili? Kijito kimoja, vidaraja viwili?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto hajui hata titi la kulia na la kushoto, wewe unamchagulisha njia." Akamsogelea hatua moja. "Na ya mahame?"

"Niliiacha wazi."

Mwanamke mmoja wa jirani alijifunika mdomo. Leandra aliurudisha ule mguu garini, akafungua ubeleko uliokuwa begani mwake, akamtupia mumewe. Mtoto akabaki amefungwa kwenye shuka.

"Kamlete," alisema.

Gari likaondoka bila Heloísa; yeye angengoja lirudi. Koko alikwenda kukaa mlangoni pake akielekea milimani, kibuyu mapajani.

Evaristo alitembea mchana kutwa na ubeleko umekunjwa mkononi. Jua lilipozama alikuwa ukingoni mwa msitu, na msituni gizani hapaitwi mtoto. Huwezi kujua kinachoitika. Akalala hapo chini, au alijilaza tu. Alimwona Leandra kwenye benchi la hospitali. Aliiona ile karatasi kubwa pia, na wale watu wasio na alama, wanaovua samaki kesho yake. Alijaribu kuwaonea wivu, akashindwa. Wao hawakuacha kitu njiani.

Alhamisi asubuhi alifika kijitoni. Vidaraja vilikuwepo vyote viwili, hatua mbili kati ya kimoja na kingine, vimelowa umande. Alitakiwa kung'oa cha uongo. Akachuchumaa, maana kwa mtazamo wa kwanza havikutofautiana: vijiti vilevile, gamba lilelile. Alijaribu kukumbuka alisimama wapi. Nyayo zilikuwa zimefutwa na nguruwe mwitu waliokuja kunywa.

Alivitazama muda mrefu. Kimoja kilikuwa kimefungwa vizuri, mafundo yamepangana, vijiti vimenyooka. Kingine kilikuwa kimekaa upande, kimefungwa na mtu mwenye haraka ambaye hakufikiri kwamba kitatazamwa. Akakishika kile kizuri akakivunja, akavitupa vijiti nyuma yake bila kugeuka.

Alipanda mpaka njia ya mahame. Alisimama mdomoni mwake na kumwita mtoto. Jina bado hakuwa nalo, kwa hiyo alimwita baba, na mwanangu, na wewe mdogo. Sauti ilimtoka mbaya, ya kukwaruza. Hakujua aite mara ngapi; hakuna aliyewahi kumwuliza hilo, wala yeye hakuwahi kumwuliza mtu. Aliita mpaka ndege wakamzoea. Kisha akaufunga ubeleko begani kana kwamba kuna kitu ndani, akaweka jani njiani, akaweka lingine kwenye njia panda ya chini, akashuka.

Alikwenda polepole. Kwenye mizizi aliinua mguu taratibu. Kwenye jua kali la mbuga aliuvuta ubeleko ufunike, na wachunga ng'ombe wawili waliokutana naye walimwona akifanya hivyo, wakavua kofia, wakapisha farasi pembeni bila kusema neno. Ijumaa adhuhuri alifika nyumbani. Koko alipulizia uji wake juu ya ubeleko mtupu, akamwambia akae nao hivyohivyo, asiuvue.

Jumamosi alasiri gari lilionekana kama vumbi, kisha kama gari. Evaristo alisimama kando ya njia. Alitaka kutazama dirishani akashindwa, alitazama gurudumu.

Leandra alishuka. Mtoto alikuwa kifuani pake, mdogo kuliko alivyoondoka, mkononi plasta nyeupe pale sindano ilipokuwa. Alikuwa macho. Leandra hakumsalimu mumewe. Alimshika mabega akamgeuza, akaingiza mtoto ndani ya ubeleko begani kwa Evaristo, akakaza fundo mwenyewe.

"Alianza kunyonya lini?" Evaristo aliuliza.

"Jumatano. Giza lilipoingia."

Jumatano, giza lilipoingia, yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa msitu. Alikuwa hajafika kijitoni. Alikuwa hajaita hata mara moja.

Koko alikuwa amesikia. Aliangalia mbugani kwa muda, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu kitu. Evaristo alisubiri aseme ni maji ya mshipani, au aseme ni uji, au aseme ni kule kukiri kwake mbele ya gari. Angelipokea lolote. Yule bibi alisema tu, akimwelekea Leandra kama zamani, "Mwambie mumeo zimebaki siku nane. Alale."

Akalala. Heloísa alikuja kuaga jioni ile. Hakuwa na daftari. Alikaa kwenye kigoda karibu na wavu akakunja mikono, akasema kwa sauti ndogo kwamba hajui aandike nini, akamwuliza yeye anadhani ni nini kilichomponya mtoto.

Mtoto alikuwa amelala kifuani pa baba yake, na pumzi yake ilikuwa fupifupi bado. Evaristo alifikiri. Alilitafuta jibu, na kama kawaida yake aliyapata mawili au matatu yaliyolikaribia, mazuri, ya kumridhisha mgeni. Aliyaacha yapite.

"Sijui, dada," alisema. "Na usiku huu sitalala, maana naogopa: sijui nimlinde kwa lipi."